Neno "ghafla" lina hesabu yake

Ndugu Mhariri,

Kila baada ya siku chache gazeti lako, kama mengine, huchapa habari fupi ya mtembea kwa miguu aliyegongwa usiku, na karibu kila mara ndani yake kuna maneno yaleyale: marehemu "alijitokeza ghafla". Maneno hayo hutoka kinywani mwa dereva, huingia katika taarifa ya tukio, na kutoka huko huhamia gazetini bila kuulizwa swali lolote. Sisi tunaoandika barua hii tunashughulika na usanifu wa barabara, ukaguzi wa magari na mafunzo ya udereva. Hatusemi dereva anadanganya. Kwake ilikuwa ghafla kweli. Tunachosema ni kwamba ghafla hiyo hupimika kwa mita, na ukishaipima, mara nyingi utakuta ilikuwa imeshapikwa kabla mtu yule hajashusha mguu kwenye lami.

Mchukue mtu mzima aliyevaa nguo nyeusi, anavuka barabara isiyo na taa, usiku usio na mvua. Gari linakuja na taa za chini, zile ambazo madereva huziita dimu. Dereva mwenye macho mazuri na kioo safi huanza kumtambua mtu huyo akiwa umbali wa mita 25 hadi 30. Tumpe zote 30. Tangu jicho lione hadi breki ianze kushika hupita kama sekunde moja na nusu, na hiyo ni kwa dereva aliyetulia, asiye na simu mkononi. Kitu asichokitarajia gizani kinaweza kumchukua sekunde mbili na zaidi. Breki nzuri kwenye lami kavu hupunguza mwendo kwa takriban mita saba kwa sekunde, kila sekunde inayopita.

Sasa piga hesabu. Kwa kilomita 40 kwa saa, gari hula karibu mita 17 kabla ya breki kushika, kisha mita 9 za breki yenyewe. Linasimama likiwa limebakiza mita 4 hivi. Mtu anamaliza kuvuka, dereva anafyonza, kila mmoja anashika njia yake. Kwa kilomita 50, mita 21 zimekwenda kabla ya breki, zimebaki 9 ambazo hazitoshi, na gari linamgonga likiwa bado na mwendo wa kama kilomita 30. Kwa 60, mita 25 zimeliwa, zimebaki 5, na linamfikia likiwa na kilomita 52. Kwa 80, zinahitajika mita 33 kabla breki haijashika, na mtu yuko mita 30. Hapo breki haimo kabisa katika hesabu. Anagongwa kwa kilomita 80 kamili, na kwenye lami hakuna hata msuguo wa tairi kabla ya mahali alipogongwa. Wapo wanaouchukua ukosefu huo wa alama kuwa ushahidi kwamba marehemu alijirusha mbele ya gari. Kumbe kinachoonyeshwa pale ni gari lililokuwa likikimbia kuliko macho ya mwenye kuliendesha.

Ikinyesha, mambo yanageuka tena. Breki ikishika kwa nusu ya nguvu ile, hata yule wa kilomita 40 aliyesimama salama anamgonga mtu kwa kilomita 20. Na tofauti hizi ndogo za mwendo si ndogo kwa mwili wa binadamu: Shirika la Afya Duniani hueleza kwamba hatari ya mtembea kwa miguu kufa akigongwa na mbele ya gari hupanda mara nne na nusu mwendo unapotoka kilomita 50 kwenda 65. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2023 ilikadiria vifo milioni 1.19 vya barabarani kwa mwaka duniani, na asilimia 23 vilikuwa vya watu waliokuwa wakitembea kwa miguu yao.

Upo upande wa pili wa hesabu, nao umo kichwani mwa anayetembea. Yeye huziona taa za gari tangu likiwa mbali sana, hata kilomita nzima barabara ikinyooka, na akili inamwambia: kwa kuwa nimeliona, nami nimeonwa. Tafiti zilizofanywa na kurudiwa tangu miaka ya 1970 zimekuta jambo hilohilo: mtu akiulizwa aseme ni wakati gani anaamini dereva amemwona, husema mapema mno, mara nyingi kwa umbali unaozidi ule wa kweli mara mbili. Kosa hilo haliji kwa ujinga. Mwanga wa taa unaingia machoni mwake moja kwa moja, lakini wa kumwonyesha kwa dereva ni ule tu unaorudi kutoka kwenye nguo yake, na kitambaa cheusi hurudisha asilimia chache tu za kile kilichokiangukia. Zilizobaki humezwa.

Anakosea pia katika kukadiria muda. Barabara ya upana wa mita 7 humchukua mtu mwenye mwendo wa kawaida, mita 1.2 kwa sekunde, karibu sekunde 6. Katika sekunde hizo gari la kilomita 80 kwa saa linasafiri mita 133. Mzee anayekwenda mita 0.8 kwa sekunde anahitaji karibu sekunde 9, yaani gari liwe mbali takriban mita 200 anapoanza. Mchana anaweza kukadiria kwa kuangalia ukubwa wa gari na vitu linavyovipita. Usiku anachokiona ni nukta mbili tu, na nukta hazisemi mwendo. Gari lenye chongo, taa moja imeungua, ni baya zaidi, maana huonekana kama pikipiki iliyo pembeni kumbe ubavu wake wote umo njiani.

Tukirudi kwa dereva, watu hudhani taa za gari humwaga mwanga sawasawa kama ndoo ya maji. Hapana. Taa za chini zimekatwa juu kwa makusudi ili zisimchome macho anayekuja, na zimeinuliwa kidogo upande wa ukingo. Katika nchi zinazoendesha kushoto, mwanga hufika mbali zaidi upande wa kushoto na hukatwa mapema upande wa kulia. Zinazoendesha kulia ni kinyume chake. Kwa hiyo anayevuka akitokea upande wa magari yanayokuja hukaa katika sehemu hafifu ya mwanga muda mrefu kuliko anayetokea ukingo wa karibu. Ongeza hapo gari jingine linalokuja na taa zake. Mtu aliyesimama kwenye mstari wa kati, akingoja nusu ya pili ipungue magari, yuko kati ya mianga miwili, na anaweza kutoweka kabisa machoni pa madereva wote wawili kwa wakati mmoja. Yeye mwenyewe anajiona yuko kweupe, kwa sababu amezungukwa na mwanga. Hakuna mahali pabaya zaidi pa kusimama usiku, na ndipo watu wengi wanaposimama.

Kuna jambo moja ambalo hata wakufunzi wengi wa udereva hulipita. Mtu haonekani kwa sababu tu amemulikwa. Anaonekana kwa kutofautiana na kilicho nyuma yake. Nyuma yake kukiwa na giza, akimulikwa anakuwa mweupe juu ya weusi. Nyuma yake kukiwa na barabara yenye taa, anakuwa kivuli cheusi juu ya weupe. Njia zote mbili zinafaa. Hatari iko katikati: gari linavyosogea, taa zake zinakifanya kivuli kile kipate mwanga kidogo kidogo, hadi nguo na barabara vinalingana mwangaza. Kwa sekunde moja au mbili mtu aliyekuwa akionekana anayeyuka, kisha anarudi akiwa karibu. Dereva akiapa kwamba palikuwa hapana mtu, anaeleza kile hasa macho yake yalichomletea.

Sasa mavazi, ambayo ndiyo ushauri unaotolewa kwa wingi na kwa haraka. Nguo nyeupe husaidia, ila si kwa kiasi kinachodhaniwa. Chini ya taa za dimu huonekana kama mita 50 au zaidi kidogo. Gari la kilomita 50 kwa saa litasimama, maana linahitaji mita 35 hivi. La kilomita 80 linahitaji karibu mita 69, hivyo shati jeupe halijafika. Nyekundu ni ya kuepukwa magharibi inapoingia, kwani jicho likianza kuzoea giza hupoteza rangi hiyo kwanza, na fulana iliyokuwa inawaka saa kumi inakuwa nyeusi saa moja. Na zile rangi kali za manjano au chungwa za vizibao vya mafundi zina siku zao: hufanya kazi kwa kugeuza miale ya jua isiyoonekana kuwa mwanga unaoonekana, kwa hiyo ni bora sana alfajiri, jioni, na siku ya mawingu. Usiku, mbele ya taa za gari, kitambaa hicho ni kitambaa cheupe-cheupe tu. Kinachofanya kazi usiku kwenye kizibao ni ile mikanda ya rangi ya fedha. Tunawaona watu wakinunua kizibao cha rangi kali kisicho na mkanda hata mmoja, wakidhani wamejikinga.

Reflekta, na ile mikanda ya rangi ya fedha ni aina yake mojawapo, ni kitu kingine kabisa. Ukuta mweupe hutawanya mwanga kila upande. Kioo huutupa upande wa pili. Reflekta huurudisha ulikotoka, yaani kwenye taa za gari, na macho ya dereva yako juu kidogo ya taa hizo. Ndiyo maana kwa mtu anayepita pembeni mkanda huo ni wa kijivu tu, ilhali kwa dereva unawaka. Kazi hiyo hufanywa na punje ndogo sana za kioo zilizopakwa alumini mgongoni, au na vipembe vya plastiki vyenye pande tatu. Ikiwa nzima na safi, reflekta ndogo huonekana mita 125 hadi 150 chini ya dimu, na mbali zaidi chini ya fulu, yaani taa za juu. Katika mfano wetu wa kilomita 80, dereva anabakiwa na mita zaidi ya 50 za ziada. Nchini Finland sheria inamtaka anayetembea barabarani gizani avae reflekta, na Estonia vilevile.

Lakini mahali pa kuifunga pana uzito kuliko ukubwa wake. Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Johansson, alionyesha kwamba ukiweka nukta za mwanga kwenye viungo vya mtu aliye gizani, akisimama watazamaji huona nukta tu, akianza kutembea hutambua papo hapo kuwa ni binadamu. Majaribio ya barabarani yaliyofuata yaliupeleka ugunduzi huo kwenye reflekta: mikanda ya vifundo vya miguu na vya mikono humfanya dereva atambue mtu kutoka mbali kuliko kizibao chenye eneo kubwa la reflekta kifuani. Sababu ni kwamba kifua hakichezi. Kitu kinachong'aa kikiwa kimetulia kinaweza kuwa nguzo, kibao, au trela iliyoegeshwa. Vitu viwili vinavyopishana chini kwa chini, kimoja mbele kimoja nyuma, haviwezi kuwa nguzo. Kisha vifundo viko chini, pale ambapo mwanga wa dimu ni mwingi.

Kwa hiyo ukiwa na mikanda miwili tu, ifunge kwenye vifundo vya miguu, nje ya suruali, na izunguke mguu wote. Anayetembea kando ya barabara huonekana kwa mgongo au kwa mbele, anayevuka huonekana kwa ubavu, na mkanda wa kipande unaotazama upande mmoja utamsaliti katika mojawapo ya hali hizo. Upana wa sentimita 5 unatosha. Reflekta ya kuning'inia isiwe ndogo kuliko kisanduku cha kiberiti. Iwe usawa wa goti au paja, moja kila upande, na kamba iiruhusu kuzunguka. Begi la mgongoni hufunika mikanda yote ya kizibao isipokuwa ya mabegani, hivyo begi lenyewe lipate mkanda. Koti la mvua vilevile, kwani huvaliwa juu ya kila kitu.

Kujua kama reflekta ni ya kweli ni kazi ya dakika moja. Itundike, rudi nyuma hatua kumi na tano gizani, kisha shika tochi kando ya jicho lako, usawa wa kipaji, umulike. Inapaswa kuwaka kama taa. Wengi hushika tochi kiunoni na kusema "haing'ai". Wamepoteza jaribio, maana mwanga umerudi kiunoni, si machoni. Ikibaki ya kijivu hata tochi ikiwa kando ya jicho, ni utepe wa rangi ya fedha tu, au punje zake zimekwisha. Punje hung'oka kwa kukunjwa mara kwa mara, kusuguliwa na brashi, dawa ya kung'arisha nguo na pasi. Kizibao kilichotengenezwa kwa ISO 20471, kiwango cha kimataifa cha mavazi ya kuonekana, huandikwa kwenye lebo idadi ya kufuliwa kinayoweza kustahimili, na ikishapita, kinabaki kuwa nguo ya kawaida. Aina ya punje zilizo wazi pia hufifia ikilowa, kwa sababu maji huharibu upindaji wa mwanga. Ile iliyofunikwa kwa plastiki huendelea kufanya kazi. Tope ni hadithi nyingine: mkanda wa kifundo cha mguu ndio bora kuliko yote, na ndio unaochafuka wa kwanza. Kitambaa chenye maji kinatosha.

Jambo moja zaidi kuhusu reflekta, linalosahaulika. Dereva wa lori hukaa juu sana ya taa zake, na mwanga unaorudi kwenye taa humfikia kwa uchache. Reflekta inayowaka sana kwa dereva wa gari dogo ni hafifu zaidi kwake. Usimpime dereva wa lori kwa dereva wa gari dogo. Na asiye na reflekta awashe tochi ya simu, aielekeze chini, mbele ya miguu yake, akiichezesha kwa mwendo wake. Akimmulika dereva usoni amejifutia faida yote.

Haya yote, Mhariri, hayafai kumfanya anayetembea kuwa mshtakiwa. Aliyevaa nyeusi hajavunja hesabu. Hesabu ilivunjwa na mwendo, na mara nyingine na taa za gari zenyewe.

Taa nyingi zinazopita barabarani zimelenga pasipostahili. Kuzikagua hakuhitaji mashine. Jaza upepo wa matairi sawasawa, ondoa mizigo, mtu akae kwenye kiti cha dereva, na kile kitufe cha kushusha taa kwa ajili ya mzigo kiwe sifuri. Egesha mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, gari likitazama ukuta moja kwa moja. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka ardhini, tuseme sentimita 65, uweke alama ya utepe ukutani kwa kimo hicho. Washa dimu. Ukingo wa juu wa mwanga, sehemu yake iliyo bapa, uangukie kama sentimita 10 chini ya alama, yaani mteremko wa asilimia moja. Magari mengi yana kibandiko karibu na taa chenye kipimo chake halisi, na hicho ndicho cha kufuatwa. Kwa mteremko huo, mwanga hugusa lami mita 65 mbele. Ukishuka sentimita 20, unagusa mita 32. Ukishuka 30, ni mita 22, na hapo hata shati jeupe halina msaada. Skrubu ya kurekebisha ipo nyuma ya taa. Nusu mzunguko huonekana ukutani waziwazi. Ukingo ukiwa juu ya alama, gari hilo linawapofusha wanaokuja, na mtu wa mstari wa kati ndiye anayelipa.

Mzigo ukijaa nyuma, pua ya gari huinuka na taa huinuka nayo. Kitufe kile kiliwekwa kwa ajili hiyo, ingawa ni madereva wachache wanaojua kipo.

Balbu za LED zinazochomekwa kwenye taa iliyosanifiwa kwa balbu ya kawaida ni tatizo linalokua. Kioo cha ndani cha taa kilipigiwa hesabu kwa waya mwembamba unaowaka mahali fulani hasa. Chipu za LED zikikaa milimita chache pembeni, mwanga hutawanyika. Matokeo yake yanadanganya: mita 15 za mbele ya boneti zinakuwa nyeupe kama mchana, dereva anafurahi, lakini jicho lililozoea weupe huo haliwezi tena kuona kilicho mita 50. Weupe wa karibu huua uoni wa mbali. Plastiki ya taa ikishakuwa ya njano isafishwe, na baada ya kusuguliwa ipakwe kinga ya jua. Bila hiyo njano hurudi baada ya miezi. Kioo cha mbele kifutwe ndani pia, si nje tu. Ule utando wa mafuta unaotoka kwenye plastiki za gari hauonekani mchana, lakini taa ya gari moja linalokuja huugeuza kuwa ukungu.

Fulu iwashwe kila pasipo na gari mbele wala linalokuja. Madereva wengi huisahau wakaenda kwa dimu kilomita nyingi za barabara tupu.

Barabarani nako kuna makosa yanayorudiwa kwenye michoro hadi yameonekana kuwa desturi. La kwanza ni taa ya kivuko kuwekwa juu ya kivuko chenyewe. Mwanga unaoshuka wima humulika utosi na mabega, na dereva hatazami utosi. Anachohitaji kuona ni upande wa mwili unaomwelekea, na upande huo unabaki kivulini. Taa inatakiwa isimame kabla ya kivuko, upande gari linakotoka, ili imulike ule upande wa mwili unaomtazama dereva. Ripoti ya Mamlaka ya Barabara Kuu ya Marekani ya mwaka 2008 ilipendekeza nguzo iwe kama mita 3 kabla ya kivuko, na mwanga wa luksi 20 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu) ukipimwa wima, mita 1.5 juu ya lami. Barabara ya pande mbili inahitaji nguzo mbili, kila moja kabla ya kivuko kwa upande wake. Gharama ya kuisogeza nguzo kwenye mchoro ni kufuta na kuchora. Baada ya zege kukauka, ni habari nyingine.

La pili ni kuiamini rangi. Mistari ya pundamilia, iliyoanza kutumika rasmi Uingereza mwaka 1951, ni alama nzuri kwa anayetembea kwa sababu anaitazama kutoka juu. Dereva macho yake yako mita 1.2 hivi juu ya lami. Kivuko cha upana wa mita 3, kikiwa mita 60 mbele yake, kinamjia machoni kikiwa chembamba kama ufito wa sentimita 6. Usiku wa mvua ufito huo haupo, maana punje za kioo zilizomo kwenye rangi zimefunikwa na maji, zile ambazo hazijaliwa na matairi. Ndiyo maana Waingereza waliwahi kuweka nguzo zenye mipira ya rangi ya chungwa, tangu miaka ya 1930, kabla hata ya mistari yenyewe: kitu kilichosimama huonekana, kilicholala hakionekani. Kivuko kikiinuliwa kuwa tuta bapa la sentimita 7.5 hadi 10, kinaonekana na pia kinapunguza mwendo, jambo ambalo rangi peke yake haifanyi.

La tatu ni magari yanayoegeshwa hadi mlangoni mwa kivuko. Mtoto aliyesimama nyuma ya gari kubwa haonekani hata saa sita mchana. Mita 6 kabla ya kivuko ziwe tupu, zaidi ya hapo mwendo ukiwa mkubwa, na zizuiwe kwa nguzo fupi kwa sababu kibao hakimzuii mtu kuegesha. Na penye njia mbili za magari kwa upande mmoja kuna mtego ambao kila msomaji ameuona: gari la njia ya kwanza linasimama kwa adabu, mtu anapita mbele yake, na gari la njia ya pili, ambalo halikumwona kwa kuzibwa na lile la kwanza, linakuja na mwendo wake wote. Mstari wa kusimama ukirudishwa nyuma mita 6 hadi 15 kabla ya kivuko, pembe hiyo hufunguka. Kisiwa cha katikati chenye upana wa mita 2 hivi humwondoa mtu kwenye lile giza la kati ya mianga miwili tulilolieleza, na humgawia barabara vipande viwili.

Tunaomba basi, Ndugu Mhariri, waandishi wako wanapoletewa habari ya aina hii waulize mambo machache kabla ya kuandika. Kikomo cha mwendo mahali pale ni kipi? Taa ya barabarani ilikuwa ikiwaka, na nguzo iko upande upi wa kivuko? Kivuko cha karibu kiko mita ngapi? Gari lilikuwa na taa za chini au za juu, na zote mbili zilikuwa zinafanya kazi? Mtu alikuwa akitokea kushoto au kulia kwa dereva? Ni maswali matano, yanajibika kwa simu moja na ziara fupi ya eneo la tukio wakati wa usiku, si mchana, maana mchana eneo hilo ni mahali pengine kabisa. Na majibu yasipopatikana, iandikwe tu kwamba gari lilimgonga mtu aliyekuwa akivuka barabara. Sentensi inakamilika bila "ghafla".

Wasomaji wako,
Wahandisi wa barabara, wakaguzi wa magari na wakufunzi wa udereva